Bimdogo na Ndege wa Liuhua

Kosa la Bimdogo lilikuwa kuwahi. Wenziwe hupata hasara kwa kuchelewa. Hukosa ndege, hukosa mzigo, wengine hukosa hata waume. Yeye aliwahi. Alitua Guangzhou Ijumaa ya tarehe kumi na sita Februari, mwaka 2007, na mabegi mawili matupu, chupa ya dawa ya kuchua magoti, na kipande cha kitambaa cha kijani alichokifunga kwenye leso na kukisokomeza kifuani, mahali ambapo forodha ya nchi yoyote haijawahi kuthubutu kupekua.

Kipande hicho ndicho kilichomtoa kwao. Kina mama wa maulidi wa Mkunazini, wanawake mia na arobaini wasiokubaliana juu ya jambo lolote duniani isipokuwa rangi ya sare, walikuwa wameamua mwaka ule wavae kijani. Si kijani hivi hivi. Kijani cha mgomba mchanga, jani likiwa bado halijafunguka. Maulidi yenyewe ni mwisho wa Machi. Kwa miaka minane mfululizo sare yao ililetwa na Ahmada, mwenye duka la vitambaa linalotazamana na la Bimdogo pale Darajani, na kwa miaka minane Bimdogo alikaa mkeka wa mbele akisoma kasida huku nguo ya adui yake ikimwasha mgongoni. Kikundi kile kilianzishwa na marehemu mama yake. Alitaka, kabla naye hajafukiwa, awaone wanawake wa mama yake wamevaa kitambaa alichokileta yeye. Hilo tu. Mengine yote aliyokuwa akiyasema, kwamba Ahmada anapunja na kitambaa chake kinachuja, yalikuwa mapambo.

Safari hii kina mama, kwa kuchoshwa na kelele za wawili hao, walikata sampuli vipande viwili, wakampa kila mmoja chake. Atakayefikisha mzigo wa kwanza, na rangi iwe hiyo hiyo, ndiye. Bimdogo akamwambia kila mtu kwamba anakwenda Dubai. Kisha akapanda ndege ya Guangzhou kimya kimya, akijiona shetani wa biashara.

Asubuhi yake akateremka Zhongda. Zhongda, ng'ambo ya mto, ni soko la vitambaa ambalo ukiingia saa tatu asubuhi, saa tisa bado hujafika nyuma. Wabeba marobota watakukanyaga, vigari vitakuvunja visigino, na kila mlango mtu anakuita bosi. Siku ile palikuwa na mzee mmoja anafagia, na paka. Milango ya chuma yote ilikuwa chini, safu kwa safu, na kila mlango umebandikwa karatasi nyekundu yenye picha ya nguruwe anacheka.

"Meiyou," mzee akamwambia kabla hajaulizwa. Neno hilo Bimdogo alilijua. Ndilo la kwanza alilofundishwa na mji huu miaka sita nyuma. Hakuna.

Hotelini kwake, barabara ya Huanshi Zhonglu, nguruwe mwingine wa plastiki, rangi ya dhahabu, mrefu kuliko mtoto wa madrasa, alikuwa amesimamishwa mlangoni. Msichana wa mapokezi akamkabidhi Bimdogo kinguruwe kidogo cha kitambaa chekundu, kwa mikono miwili na kwa heshima zote. Bimdogo, mwanamke aliyekwisha kuhiji, alikipokea kwa ncha ya ushungi, akashukuru kwa sababu hakulelewa ovyo, kisha akakitia kwenye droo ya chumbani, chini ya kitabu cha simu, akaifunga.

Aliyemweleza kilichompata ni Odilia, binti wa Bukoba aliyekuwa mwaka wake wa nne akisomea misitu chuo kikuu cha huko kwa ufadhili. Walikutana kwenye mgahawa wa Waislamu jirani na hoteli, Odilia akihangaika na bakuli la tambi.

"Shikamoo mama. Mbona umekuja Mwaka Mpya?"

"Marahaba. Mwaka Mpya si Januari?"

"Wa kwao ni kesho, Mwaka wa Nguruwe. Wafanyakazi wote wameshapanda treni kwenda makwao. Mpaka mwezi wao utimize siku kumi na tano, hapafunguliwi kitu. Tarehe tano Machi hivi."

"Mwezi gani tena huo?"

"Wa mwandamo, mama. Kama nyinyi na Ramadhani yenu."

Bimdogo akahesabu siku kwa vidole. Yeye, aliyegombana na nusu ya mtaa kwa ajili ya mwezi kuonekana au kutoonekana, ameangushwa na mwezi! Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Tangu alipoanza kutembeza visheti akiwa na miaka tisa hakuwahi kukaa bure hata siku moja, isipokuwa siku za uzazi, na hizo nazo aliuza kwa kutuma watu. Sasa ana zaidi ya wiki mbili za kutazama dari.

Jioni akampigia simu binti yake, Ilham, aliyemwachia duka. "Nimeshauona mzigo," akasema. "Mzuri. Usimwambie mtu."

Siku ya tatu kuta za chumba zikaanza kutoka jasho. Ndio msimu wao kule: baridi haijaondoka, joto halijaja, na maji yanatiririka kwenye vigae kama kuta zina homa. Bimdogo akazisema kuta, akalisema shuka lililolowa, akawasema Wachina kwa kuwa na mwaka wao peke yao, mpaka Odilia akachoka.

"Mama, si uende bustani ya Liuhua? Ipo upande wa stesheni, si mbali. Kuna ziwa, kuna ndege, na maua yameanza."

"Mie nikatazame maua? Mie mgonjwa?"

Akaenda.

Bustani ilikuwa imejaa wazee, na wazee wale, kwa maoni ya Bimdogo, walikuwa wamekosa watu wa kuwakemea. Mmoja alitembea kinyumenyume akijipiga makofi. Mwingine alimtundika ndege wake mtini, ndani ya tundu, akakaa chini kumsikiliza kama anasikiliza taarifa ya habari. Kina mama wa umri wake walicheza ngoma kwa mapanga ya bati. Alikuwa akiyatafakari hayo chini ya mti mkubwa usio na jani hata moja, pale kitu kizito kilipomwangukia begani, pu!

Akageuka tayari kwa ugomvi. Lilikuwa ua. Jekundu, nene, kubwa la kujaa kiganja. Akainua macho, na mti mzima ulikuwa hivyo, matawi makavu yaliyopangika maua mekundu kuanzia chini mpaka juu. Akaitazama miiba ya gome, akalitazama shina.

"Huu si msufi?" akasema kwa sauti. "Jamani! Msufi!"

Kwao msufi ni mti wa mito na magodoro. Hakuna anayeutazama mara mbili. Huu wa hapa ulikuwa jamaa yake wa karibu, lakini umevaa. Bimdogo akahisi amedhulumiwa, kwamba miaka yote ile amelalia sufi na hakuna aliyemwambia kwamba ukoo wa mti ule una mambo kama haya.

Bibi mmoja mwembamba akainama miguuni pake, akaliokota lile ua, akalitia kwenye mfuko wa plastiki uliokwisha kujaa maua mengine. Akafanya ishara ya kukausha, ya kuchemsha, ya kunywa. Shingoni alining'iniza darubini. Huyo ndiye Bibi Chan, mwalimu mstaafu, aliyekuja bustanini kila siku na daftari la kuandika ndege. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, na Bimdogo hakujua Kikanton, lakini wote wawili walikuwa wanawake waliozoea kuamuru watu, wakaelewana upesi. Chan akamvika darubini, akamshika kidevu, akakielekeza juu.

Bimdogo akaona ndege aina ya chozi. Kwao machozi wapo, wanarukaruka kwenye mipapai, na hakuwahi kupoteza muda nao. Huyu alikuwa mdogo kuliko kidole gumba chake, mgongo wa kijani, koo jekundu, mkia umechomoza nyuzi mbili, na alikuwa amejitumbukiza kichwa kizima ndani ya ua akinywa, matako juu.

"Mshenzi wewe," Bimdogo akasema, kwa mapenzi kabisa.

Kesho yake akarudi. Akajiambia ni kwa sababu ya kuta. Chan akampeleka kwenye kisiwa cha katikati ya ziwa, ambako yangeyange, ndege weupe, kwa mamia walikuwa wanajenga viota. Hapo ndipo Bimdogo alipojisikia nyumbani. Dume mmoja anakwenda kutafuta kijiti, anahangaika, anakipata, anarudi. Huku nyuma jirani ameshamwibia viwili. Jike ameketi anatazama pembeni kana kwamba hakuona. Bimdogo akachagua upande. Akawapa majina ya watu wa Darajani, akawatukana inavyostahili, na Chan, asiyeelewa neno, akawa anacheka mpaka anafuta darubini. Miguu ilimuuma, hakujali. Ilimpitikia, akiwa amesimama pale kwenye manyunyu na mwavuli wa kuazima, kwamba ana raha. Alishtuka, maana hakuwa ameinunua wala kuiuza.

Siku yake ya nne bustanini akamwona Ahmada.

Alikuwa peke yake kwenye benchi karibu na maji, kofia yake ya kiua kichwani, kanzu chini ya jaketi nene, uso ameuinua juu. Bimdogo akaruka nyuma ya kichaka cha mianzi. Ahmada, hapa, mwezi wa pili? Na masoko yamefungwa? Kwa mfanyabiashara maelezo yalikuwa mamoja tu: Ahmada ana chimbo. Kuna mtu wa kiwanda anakutana naye hapa bustanini, kwa siri, wakati wengine wote wamelala, na kijani cha mgomba mchanga kiko njiani kwenda Mkunazini.

Siku mbili nzima alimchunga. Alivaa koti la manjano alilonunua mlangoni mwa hoteli, la pekee lililomwenea, na humo ndani alionekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Alisimama hatua thelathini kutoka kwake, kisha ishirini. Ahmada hakugeuka. Anajifanya haoni, Bimdogo akafikiri. Hodari wa unafiki huyu. Hakuna mtu wa kiwanda aliyekuja. Siku ya tatu yangeyange mmoja alimwangushia mwenzake kijiti kichwani, Bimdogo akashindwa kujizuia, akaangua kicheko.

Ahmada akainuka wima. "Bimdogo?"

"Ahmada."

"Si uko Dubai wewe?"

"Si wewe uko Mombasa kwa mkweo?"

Kila mmoja akaupima uongo wa mwenzake.

"Nakusanya mzigo," Ahmada akasema.

"Na mie nakusanya."

"Hapa?"

"Hapa."

Tangu saa ile wakakaa benchi moja, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri. Haikuwa kwa mapenzi. Kila mmoja aliogopa akimwacha mwenzake peke yake, mtu wa kiwanda atatokea. Bibi Chan aliwaona wanavyozozana, akahitimisha kwamba ni mke na mume, akawaletea chai ya maua kwenye vikombe viwili vinavyofanana. Bimdogo alijaribu kumkanushia kwa mikono. Chan akamfunika kwa blanketi, yeye na Ahmada pamoja.

Ahmada hakuishika darubini hata mara moja. "Miwani ya kizee hiyo," alisema. Lakini alijua ndege. Amekulia Makunduchi, utoto wake wote aliumaliza akitega kwa urimbo, na sikio lake lilikuwa halijazeeka. Shore akilia nyuma yao, Ahmada husema, bila kugeuka, "Shore, wawili, mmoja ana hasira." Bimdogo anageuka na darubini: shore wawili wenye kishungi cheusi, na mmoja kweli anamfukuza mwenziwe. Kwenye daftari lake Chan akafungua ukurasa wa Ahmada, na ukurasa huo ukawa mrefu kuliko wa Bimdogo. Hilo Bimdogo hakuweza kulivumilia. Ameshashindwa naye miaka minane kwa kitambaa, sasa na ndege tena!

Basi asubuhi moja akamnyooshea kidole tawi tupu la msufi. Halikuwa na kitu. Hata ua lilikuwa limeshaanguka.

"Lahaula! Ahmada, mtazame yule! Mwekundu mzima, na mkia kama utepe!"

Ahmada akainua uso kwenye tawi lile lile. "Mashaallah," akasema taratibu. "Mkia wake huo!"

Bimdogo alikuwa ameshavuta pumzi ya kumcheka. Alikusudia acheke mpaka Odilia asikie kule chuoni. Pumzi ikakaa pale pale. Akalitazama tawi, akamtazama Ahmada, jinsi alivyokuwa akitabasamu na kutikisa kichwa kwa adabu, mtu anayemsifia mwenyeji chakula ambacho hakukionja. Akakumbuka hatua ishirini, na koti la manjano. Akakumbuka kwamba tangu wakae pale, kikombe chake cha chai hukitafuta kwa vidole. Akanywa chai yake iliyopoa, na hakuwatukana hata yangeyange.

Kesho yake Ahmada ndiye aliyeanza.

"Jana hapakuwa na ndege."

"Nani kasema?"

"Ulinyamaza dakika tano nzima, Bimdogo. N'kajua pana jambo."

Akamweleza, uso kaelekea ziwani. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jua likiwa kali anaona kidogo, weupe na weusi na mtu anayepita. Rangi zimeshakwenda, kijani na buluu kwake ni kitu kimoja. Alikuja mapema kwa ajili ya daktari wa macho, naye pia aliukuta mji umefungwa. Hospitali ikamwambia si dharura, arudi tarehe sita Machi. Nyumbani hakuna ajuaye. Muuza vitambaa asiyeona rangi, watu watamuuzia matambara kuanzia Zhongda mpaka Darajani, na watamcheka huku wanapokea.

"Basi si kupasua tu?" Bimdogo akasema. "Dakika ishirini. Shangazi yangu kapasuliwa, sasa anaona mpaka mambo yasiyomhusu."

"Naogopa kisu," Ahmada akasema. Mtu aliyewahi kumtoa machozi mwenye kiwanda kwa kuteremsha bei. "Usimwambie mtu, Bimdogo. Nakuomba."

"Mie simwahidi mtu kitu," Bimdogo akajibu. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kuahidi kitu bure, na hii ilikuwa silaha ambayo kwa miaka minane aliiomba kwa Mungu, japo si kwa maneno hayo. Ameletewa mikononi, na bado siku sita masoko yafunguliwe.

Siku sita hizo alimsimulia. Hakuna aliyemwomba, alianza tu, kwa kuwa hakuweza kuona kitu bila kukisema. "Amekuja yule mweusi na mweupe wa jana. Kajivuta mkia juu, kaona ameoa." Ahmada akasikiliza, akamwambia huyo anaimba vizuri kuliko anavyovaa. "Kuna mdiria juu ya nguzo, buluu, Ahmada, buluu ya satini ile mbovu iliyonilalia dukani mwaka ule wa tisini na tisa." Ahmada akacheka, maana satini ile aliikumbuka. Pembeni mwa njia maua ya waridi yalifunguka kwenye vichaka vya kufika kiunoni, na Bimdogo akamgawia moja moja: hili limekolea, hili limepauka, hili la fundi aliyeishiwa rangi katikati. Mara nyingine alitia chumvi. Ahmada akawa anamkamata: "Chozi hana ukubwa huo. Punguza." Naye anapunguza. Hakumbuki ni lini mara ya mwisho alipunguza kitu bila kuombwa mara tatu.

Jumatatu, tarehe tano Machi, milango ya Zhongda ikapanda. Barabara zilikuwa zimetapakaa karatasi nyekundu za fataki, na kelele ilikuwa imerudi yote kwa mkupuo. Kijani kile, katika soko zima, Bimdogo alijua kinapatikana kwa mtu mmoja, Bibi Fang wa ghorofa ya pili. Akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu, kipande kifuani.

Ahmada alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya kaunta ya Fang, na nyuma yake vijana watatu wa Kariakoo wakisubiri zamu yao. Fang alikuwa na marobota sita tu ya kijani kile, yaliyobaki kabla ya sikukuu. Mengine, alieleza kwa vidole na kikokotozi, mpaka wapake rangi upya, siku ishirini. Siku ishirini, na safari ya mzigo juu yake, maulidi yameshasomwa. Marobota hayo sita yalikuwa upande wa kulia wa Ahmada. Upande wa kushoto palikuwa na sita mengine ya feruzi, buluu ya kuchoma macho, ambayo Fang, kwa jinsi alivyokuwa akiyapapasa, alitamani yaondoke dukani kwake leo hii.

Mkono wa Ahmada ulikuwa juu ya feruzi.

"Hii," alisema. "Ndiyo yenyewe."

"Sawasawa, rafiki, pengyou!" Fang akasema kwa Kiswahili chake cha soko. "Sawasawa!"

Tusimsingizie Bimdogo wema. Alifurahi. Alifurahi mpaka magoti yakaacha kuuma. Asubiri tu Ahmada alipe, ashuke ngazi na feruzi yake, kisha yeye achukue kijani. Aliona yote: wanawake wa mama yake mkekani, safu za kijani cha mgomba mchanga, na kasida ikipanda, na Ahmada upande wa pili wa barabara na marobota ya buluu, akichekwa na kila anayepita mpaka siku ya kuzikwa kwake. Hakuhitaji kusema uongo wowote. Alihitaji kufunga mdomo tu.

Ahmada akakitoa kipande chake cha sampuli, akakilaza juu ya feruzi, akauinua uso kidogo pembeni, kama alivyokuwa akifanya kule benchini anapomsubiri Bimdogo amwambie kilichotua. Vijana wa Kariakoo walikuwa wameanza kutazamana. Mmoja alifungua mdomo, tayari kucheka.

"We! Hebu ondoa mkono wako hapo!"

Duka zima likageuka. Bimdogo aliingia kwa nguvu zote, akampiga Fang kikumbo, akamsukuma Ahmada, na akaketi juu ya marobota ya feruzi, kwa uzito wake wote, miguu ikining'inia.

"Hii yangu! Nimeitolea kauli tangu mwaka jana! Kila mwaka unaniibia, kila mwaka! Chukua hiyo nyingine, ya mkono wako wa kulia, uniondokee!"

"Ah, Bimdogo na uroho wake," kijana mmoja akasema, na wakacheka wote watatu, wakimcheka yeye. Yule aliyetaka kumcheka Ahmada akalisahau alilotaka kulisema.

Ahmada alisimama palepale. Uso wake ulikuwa umegeukia sauti, na Bimdogo, kutoka juu ya marobota, aliona kwamba mtu yule hajui. Hawezi kujua. Kulia kwake panaweza kuwa na kijani, panaweza kuwa na nyekundu, panaweza kuwa na magunia. Anayemwambia achukue ni mwanamke aliyemwonyesha ndege hewani, anayeitaka sare hii kuliko alivyoitaka Makka, na hawezi kumwuliza mtu yeyote mbele ya watu.

Akanyoosha mkono wa kulia, akaligusa robota la kijani kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo unayoniachia, Bimdogo?"

"Hiyo."

Hakulipeleka mlangoni kwenye mwanga. Hakulilinganisha na sampuli. Kipande alikuwa ameshakikunja na kukirudisha mfukoni. "Hii," akamwambia Fang. "Yote sita." Akalipa.

Kwa miaka arobaini na saba ya biashara hakuna mtu, awe ndugu awe jirani, aliyewahi kununua kitu kwa neno la Bimdogo tupu. Alikaa juu ya feruzi yake akimtazama Ahmada anavyoyafuata marobota ya kijani mlangoni, mkono mmoja ukipapasa ukuta, na alitamani amrushie kiatu.

"Mpumbavu mkubwa," akasema, lakini kiatu hakukivua.